Sura ya Sita: Mkutubi na Ramani za Safari

Ipogolo ni eneo la Manispaa ya Iringa lililo bondeni kando ya Mto Ruaha Mdogo, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na hatimaye Zambia hupita chini ya mji bila kuingia mjini, hivi kwamba anayetaka kufika Iringa yenyewe hana budi kuiacha barabara hiyo na kupanda mlima. Kwa msomaji wa ramani, mahali pa namna hii pana faida kuliko mji mkubwa, kwa kuwa hakuna ramani ya Tanzania isiyoonyesha Iringa na Mbeya, ilhali Ipogolo huonekana tu kwenye zile zilizochorwa na watu waliojali kitu kilicho kidogo kuliko mji. Hicho ndicho kipimo kinachotumika katika sura hii kuzipima nyenzo za kijiografia zinazopatikana mtandaoni, na hoja inayojengwa juu yake ni kwamba ujuzi unaomfaa zaidi msafiri mbele ya nyenzo hizo ni ule wa mkutubi, yaani ujuzi wa kuuliza taarifa iliandikwa na nani, lini, kutoka chanzo gani na kwa jina lipi.

Uhusiano kati ya ukutubi na jiografia ni wa kale kuliko vitabu vya karatasi. Eratosthenes, aliyeiongoza maktaba ya Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alikadiria mzingo wa dunia, yaani umbali wa kuizunguka dunia nzima, kwa kuunganisha taarifa ambazo kila moja ilikuwa ikijulikana kivyake. Ilijulikana kwamba huko Syene, mji unaoitwa leo Aswan, jua la adhuhuri katika siku ndefu kuliko zote za mwaka hufika hadi chini ya kisima, na siku hiyohiyo kivuli cha Alexandria kilionyesha pembe iliyo sawa na sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali kati ya miji hiyo miwili ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa ni kipimo cha urefu cha Wagiriki, na kwa hiyo mzingo wote ukawa stadia 250,000. Urefu halisi wa stadia yake bado unabishaniwa na wanahistoria, lakini hilo halipunguzi uzito wa mbinu yenyewe, ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa kazi ya mtu mwenye kumbukumbu za wasafiri wengi karibu naye na mwenye mazoea ya kuzilinganisha.

Hesabu ya aina hiyo inaweza kurudiwa katika Nyanda za Juu Kusini bila chombo chochote zaidi ya fito iliyosimamishwa wima. Mji wa Iringa uko karibu na nyuzi 7.77 kusini mwa ikweta na nyuzi 35.7 mashariki, na Mbeya iko karibu na nyuzi 8.9 kusini na nyuzi 33.45 mashariki; namba ya kwanza katika kila jozi huitwa latitudo, nayo hupima umbali kutoka ikweta, na ya pili huitwa longitudo, nayo hupima umbali kutoka mstari unaopita Greenwich nchini Uingereza. Kutokana na latitudo hizo, jua hupita utosini Iringa mwishoni mwa Februari na tena katikati ya Oktoba, na katika Oktoba hiyo huchukua takriban siku tatu zaidi kabla ya kufika utosini Mbeya. Kutokana na longitudo, jua huchelewa Mbeya kwa dakika 9 likilinganishwa na Iringa, ingawa miji yote miwili hufuata saa moja ya Afrika Mashariki, iliyopangwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hauigusi ardhi ya Tanzania hata kidogo. Ndiyo maana kwa wastani wa mwaka adhuhuri ya kweli hufika Iringa kama saa 6:37 mchana na Mbeya kama saa 6:46, tofauti ambayo msafiri wa basi hawezi kuihisi lakini ambayo huonekana wazi katika majedwali ya macheo na machweo yanayotolewa mtandaoni.

Latitudo na longitudo ndizo msingi wa kila ramani iliyo kwenye simu, na ndizo chanzo cha makosa mengi. Kompyuta huandika kusini kwa alama ya kutoa, kwa hiyo Iringa huwa −7.77 na 35.7; alama hiyo ikisahauliwa, mji mzima huhamia kusini-magharibi mwa Ethiopia, na namba zikibadilishana nafasi, kama inavyotokea kwa sababu programu nyingine hutanguliza longitudo, Iringa hujikuta katika bahari ya Atlantiki upande wa magharibi wa Tangier. Kuna pia mtego wa dakika: nyuzi 7 na dakika 46 si sawa na 7.46, kwa kuwa nyuzi moja ina dakika 60, na anayezichanganya hukosea kwa zaidi ya kilomita 30, umbali unaotosha kumtoa Ipogolo na kumpeleka mbali kabisa na barabara anayoitafuta.

Katika maktaba zinazofuata Uainishaji wa Desimali wa Dewey, mpango uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na ambao huipa kila mada namba yake, jiografia na safari huwekwa pamoja chini ya 910, na vitabu vya jiografia na safari za Tanzania hupata namba 916.78. Mpangilio huo una hekima yake, kwa kuwa unaliweka simulizi la msafiri kwenye rafu moja na maelezo ya mtaalamu wa nchi, na mkutubi anayewahudumia wasomaji wa rafu hiyo hujikuta akipenda safari hata kama mshahara wake haumruhusu kwenda mbali. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963 na ambayo Maktaba yake Kuu jijini Dar es Salaam ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, ina maktaba za mikoa Iringa na Mbeya, na tatizo la atlasi katika maktaba yoyote ya mkoa linaeleweka kwa urahisi: atlasi ni ghali na huzeeka upesi. Iliyochapishwa kabla ya mwaka 2012 huonyesha Njombe ikiwa ndani ya Mkoa wa Iringa, na iliyochapishwa kabla ya 2016 huiweka Songwe ndani ya Mkoa wa Mbeya. Kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani na ambalo watalii wengi wa nyanda hizi hulifuata, halijasogea hata hatua moja, lakini kwa mujibu wa vitabu limehama mkoa.

Suala la majina ndilo tajiri kuliko yote. Chombo cha mkutubi hapa ni orodha ya majina ya mahali, yaani kumbukumbu inayoambatanisha kila jina na latitudo yake, longitudo yake na aina ya kitu kinachotajwa, na orodha kubwa ya bure inayotumiwa sana mtandaoni inaitwa GeoNames. Ndani yake kila ingizo lina herufi ya aina: A kwa maeneo ya utawala, H kwa maji, P kwa makazi, T kwa milima na miinuko, na kadhalika. Umuhimu wa herufi hizo unaonekana pale mtu anapotafuta neno Ruaha peke yake, kwa sababu neno hilo hutaja Ruaha Mkuu, mto unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha; Ruaha Mdogo, unaoshuka kutoka nyanda za Mufindi na kupita Ipogolo kabla ya kuungana na Ruaha Mkuu; hifadhi yenyewe, ambayo lango lake liko zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa mjini; Ruaha Mbuyuni, kijiji cha barabarani kilicho chini ya mlima wa Kitonga; na chuo kikuu kilichopo Iringa mjini. Msafiri aliyezoea kuandika neno moja na kufuata jibu la kwanza anaweza kupelekwa kwenye chochote kati ya hivyo, na mashine haitamwonya, kwa kuwa kwa upande wake imejibu sawasawa.

Majina ya zamani yana ugumu wa pili. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa ya leo, na kabla Wajerumani hawajaiteka tarehe 30 Oktoba 1894 ndiyo iliyoitwa Iringa katika maandishi mengi ya wageni. Boma jipya la Wajerumani lilijengwa mwaka 1896 mahali mji ulipo sasa, na kwa muda ramani zao zikawa na Iringa ya kale na Iringa mpya. Kwa hiyo mtu anayepata mtandaoni ramani ya miaka ya 1890 na kupima umbali kutoka Iringa hadi mto fulani lazima kwanza ajue ni Iringa ipi, la sivyo atamlaumu mchoraji kwa kosa ambalo si lake. Upande wa Mbeya hali ni hiyohiyo kwa Tukuyu, iliyoandikwa Neu-Langenburg enzi za Wajerumani, ilhali Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Na Mbeya yenyewe mtu asiitafute katika ramani hizo kama mji, kwa kuwa ilikua ikawa mji katika miaka ya 1920 na 1930, wakati wa dhahabu ya Lupa.

Ramani za Kijerumani zilizosimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel kwa skeli ya 1:300,000, ambapo sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za ardhi, zinastahili kuangaliwa polepole na yeyote anayezipata katika mikusanyo ya kidijiti ya maktaba. Zilitungwa kutokana na njia zilizopitwa na misafara, na kwa hiyo maelezo yamejaa kandokando ya njia, kisha yanakoma ghafla na kuacha weupe. Weupe huo hauna maana kwamba hapakuwa na watu, una maana kwamba mchukua vipimo hakupita. Ramani za Tanzania za skeli ya 1:50,000, zilizochorwa kwa picha za ndege na kujulikana kwa namba ya mfululizo Y742, zina tabia nyingine kabisa: kila karatasi hufunika robo ya nyuzi kwa robo ya nyuzi, yaani takriban kilomita 27 kila upande, na mistari ya kontua, ambayo huunganisha sehemu zenye kimo sawa kutoka usawa wa bahari, huonyesha kwa haki bonde na mlima hata pasipo na barabara. Maktaba ya Perry-Castañeda ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin imeweka mtandaoni maelfu ya ramani zilizopigwa picha kwa mashine, zikiwemo za Afrika Mashariki, nazo hupakuliwa bure. Kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, mkusanyo huo una thamani kubwa kuliko tovuti nyingi za utalii zenye picha nzuri, kwa sababu kila ramani imebaki na mwaka wake, skeli yake na jina la aliyeitoa, taarifa ambazo wakutubi huziita metadata, yaani taarifa zinazoeleza taarifa nyingine.

Ramani za zamani husomeka vizuri zikisomwa pamoja na simulizi. Msafara uliotumwa na Royal Geographical Society ya London ulianza safari ya bara mwaka 1879 ukiongozwa na Keith Johnston, mchora ramani kwa taaluma, ambaye alifariki njiani huko Behobeho mwaka huohuo. Kijana Joseph Thomson akashika uongozi, akapita Uhehe hadi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1881. Kiongozi wa wapagazi alikuwa James Chuma, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa mmisionari Livingstone hadi pwani, na bila watu wa aina yake Thomson asingekuwa na mto wala kilima cha kukiandika jina. Kwa Kiswahili upo mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Göttingen mwaka 1901, ambamo wasafiri wa pwani wanaeleza njia zao wenyewe, vituo, hongo, maji na bei za vyakula. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alifika hadi Urusi na Siberia. Vitabu vya umri huo vimekwisha kutoka katika hakimiliki na husomwa bure katika hazina kama Internet Archive, na anayeviweka kando ya orodha ya majina huweza kufuata msafara kituo kwa kituo, mradi avumilie tahajia zinazobadilika kila ukurasa.

Kwa hali ya leo, nyenzo ya kwanza ya kuitazama ni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea na hutolewa kwa leseni huria, yaani ruhusa ya kuitumia na kuinakili bila kulipa mradi chanzo kitajwe. Ubora wake haulingani kila mahali. Dar es Salaam ilifaidika na mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, mitaro na nyumba zikiwemo. Vijiji vya Mkoa wa Mara vilifaidika na Crowd2Map, mpango wa mwaka huohuo uliotokana na haja ya kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Kanuni inayojitokeza ni rahisi: ramani huria huwa nzuri pale ambapo kulikuwa na mtu mwenye sababu ya kuichora. Ipogolo ina sababu ya kutosha kwa kuwa kila gari la Mbeya hupita hapo, lakini vichochoro vilivyo juu ya barabara, vijito na makanisa madogo vinategemea kama kuna mkazi aliyekaa na simu yake akaviingiza.

Kila badiliko katika ramani hiyo huhifadhiwa pamoja na tarehe yake, na huu ndio upande unaopaswa kumfurahisha mkutubi. Stendi kuu ya mabasi ya Iringa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa katikati ya mji, imehamishiwa Igumbilo, kwenye barabara kuu, na vitabu vya mwongozo vilivyochapishwa kabla ya hapo bado vinamwelekeza msomaji apande mlima kutafuta basi ambalo haliko. Katika kitabu kosa hilo halina tiba hadi toleo jipya. Katika ramani huria, mtu hufungua historia ya alama husika, akaona iliguswa mara ya mwisho lini, kisha akaamua aiamini kiasi gani. Ramani za kampuni kubwa kwa kawaida hazimpi msomaji historia hiyo, na kwa sababu hiyo, licha ya wepesi wake, haziwezi kushika nafasi ya kwanza katika kazi ya rejea.

Picha za setilaiti ni shahidi wa namna nyingine, asiyejua jina lolote. Mfululizo wa Landsat ulianza mwaka 1972 na picha zake hutolewa bure tangu 2008. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila pikseli yake, yaani kinukta kimoja cha picha, hufunika mita 30 za ardhi kila upande. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza mwaka 2015, ina pikseli za mita 10 na hurudi mahali palepale kila baada ya siku chache. Katika nyanda hizi, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, picha za masika mara nyingi ni mawingu matupu, na atafutaye picha safi hufanya vizuri kuanzia Juni hadi Oktoba. Matumizi yake makubwa kwa msomaji wa Iringa na Mbeya yako katika bonde la Usangu, ambako Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwaka 1993. Akiziweka picha za kiangazi cha miaka tofauti sambamba, mtu huona mwenyewe mashamba ya umwagiliaji yakipanuka na ardhi oevu ya Ihefu ikibadilika, bila kusubiri kuambiwa na upande wowote wa mgogoro wa maji ya mto huo.

Kuhusu kimo, taarifa nyingi za mtandaoni zinatokana na safari moja ya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilichopima nchi kavu kwa mawimbi ya rada kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Kutokana nazo msafiri huweza kuchora mkato wa barabara tangu Ruaha Mbuyuni, kupanda Kitonga, kupita Ilula, kushuka Ipogolo, kisha kuinuka tena Mafinga na Makambako, na kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila mita 1,000, mkato huo humwambia achukue koti, hasa Juni na Julai. Kipimo kingine chepesi huonyesha kiasi cha mzunguko wa barabara: kwa mstari ulionyooka Iringa na Mbeya zimeachana kilomita kama 275, lakini kwa gari ni kama 330, kwa sababu barabara hufuata nyanda za kusini hadi Makambako ndipo igeuke magharibi na kuambaa pembezoni mwa Usangu. Makambako pia ndiko barabara hukutana na reli ya TAZARA, ambayo haifiki Iringa, jambo ambalo ramani ndogo za nchi nzima huliacha katika utata.

Nyenzo za serikali huhitaji maneno machache. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa matokeo ya Sensa ya 2022 hadi ngazi ya kata. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa Kiswahili. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutangaza viwango vya nauli, na abiria aliyevihifadhi kwenye simu hana haja ya kubishana na mpiga debe. Mfumo wa Anwani za Makazi, uliopewa msukumo mkubwa mwaka 2022, umeipa mitaa majina na nyumba namba. Nje ya serikali, Wikipedia ya Kiswahili ina makala fupi kuhusu idadi kubwa ya kata za Tanzania, nyingi zikiwa na sentensi mbili tatu tu, lakini ufupi huo usidharauliwe, kwa sababu lugha nyingine nyingi hazina hata hizo.

Lililobaki ni la vitendo. Bando huisha na minara haifiki kila bonde, kwa hiyo ramani hupakuliwa kabla ya safari kwa programu zinazofanya kazi nje ya mtandao, kama OsmAnd na Organic Maps, zote zikitumia takwimu za OpenStreetMap. Maktaba yenye kompyuta moja na intaneti ya wastani inaweza kumpakulia msomaji ramani ya Tanzania nzima, ikamwekea karatasi ya Y742 ya eneo analokwenda na sura ya Thomson inayohusu Uhehe, na juu ya kila faili ikaandika chanzo, mwaka na tarehe ya kupakuliwa, kwa namna ileile ambayo kadi za katalogi ziliandikwa zamani. Msafiri aendaye Isimila, bonde la zana za mawe lililo kilomita 20 hivi kutoka Iringa kwenye njia ya Mbeya na lililochimbwa na Clark Howell mwaka 1957 na 1958, atashuka barabarani akiwa na alama ya latitudo na longitudo iliyokwisha kuhakikiwa katika vyanzo viwili, na iwapo njia ya miguu aliyoikuta haimo katika ramani, ataweza kuirekodi kwa simu na kuiingiza jioni hiyohiyo, pamoja na tarehe.